Kuishi na saratani ya matiti iliyosambaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu taarifa na msaada

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye saratani yake ya matiti imeshafika sehemu nyingine za mwili, na wa wale wanaomuuguza. Si lazima usome yote kwa siku moja. Anza na swali linalokusumbua leo. Mengine utayarudia ukiwa tayari.

Nimeambiwa saratani imesambaa. Maana yake ni nini hasa?

Seli za saratani zimetoka kwenye titi, zikapita katika damu au mfumo wa limfu, zikaota mahali pengine. Mara nyingi huwa ni mifupa, ini, mapafu au ubongo. Hiyo ndiyo hatua ya nne. Wapo wanaogundulika wakiwa tayari wamefika huko, na wapo waliotibiwa zamani, wakakaa miaka wakiwa wazima, kisha ugonjwa ukarudi. Unaweza kurudi hata kwa mtu aliyewahi hospitali na kumaliza dozi zote, kwa hiyo usikubali mtu yeyote akuambie kwamba umejitakia.

Kuna jambo linawachanganya wengi. Saratani ya matiti iliyofika kwenye mfupa haigeuki kuwa saratani ya mfupa. Ni ileile ya matiti, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya matiti. Ukitafuta habari za "saratani ya ini" kwa sababu yako imefika kwenye ini, utakuwa unasoma ugonjwa wa mtu mwingine, tena utajiogopesha bure.

Muulize pia daktari anaposema "imeendelea" ana maana ipi. Wengine hutumia neno hilo kwa ugonjwa uliokua sana kwenye titi na kwapani lakini haujafika mbali. Hiyo ni hatua ya tatu, na kwa kawaida hutibiwa kwa lengo la kuponya.

Kama haiponi, natibiwa kwa ajili ya nini?

Ili uishi muda mrefu zaidi, na uishi vizuri. Matibabu ya hatua ya nne huuzuia ugonjwa usiendelee, hupunguza maumivu na hukuwezesha kuendelea na mambo yako. Dawa moja hutumika maadamu inafanya kazi na mwili unaivumilia. Ikishindwa, daktari huhamia nyingine. Kwa sababu hiyo matibabu hayana tarehe ya kumalizika, na hilo peke yake linachosha. Ni haki yako kuomba mapumziko, dozi ndogo zaidi au ratiba tofauti. Zungumza na daktari kabla ya kuacha dawa kimyakimya.

Dawa zenyewe zimeongezeka sana. Trastuzumab iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 na ikabadilisha maisha ya wenye aina ya HER2, yaani saratani yenye protini nyingi ya jina hilo, inayochochea seli kukua. Palbociclib ilifuata mwaka 2015 kwa saratani inayotegemea homoni, na baada yake zikaja ribociclib na abemaciclib. Hazipatikani kila mahali kwa urahisi, lakini jua kwamba zipo ili uweze kuuliza.

Ni karatasi zipi za hospitali nisiziache?

Kuna moja ambayo ni muhimu kuliko zote: majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi), yaani kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe, yale yanayoonyesha vipokezi, protini za seli zinazopokea ishara za kukua. Hapo ndipo utakuta kama saratani yako ina vipokezi vya homoni, yaani ER (vya estrojeni) na PR (vya projesteroni), na kama ina HER2. Yenye vipokezi vya homoni hutibiwa kwa dawa kama letrozole, tamoxifen au fulvestrant, mara nyingi pamoja na palbociclib, ribociclib au abemaciclib. Yenye HER2 hutibiwa kwa trastuzumab na dawa za jamii hiyo. Isiyo na chochote kati ya hivyo vitatu mara nyingi huanza na tibakemia (kemotherapi), na kwa baadhi ya wagonjwa dawa za kuamsha kinga ya mwili huongezwa.

Bila majibu hayo, karibu kila unachosoma ni kubahatisha. Mwenzako katika kikundi anaweza kusifia dawa iliyomsaidia, na dawa hiyo isikufae kabisa kwa sababu saratani yake ni ya aina nyingine. Uliza pia kama inawezekana kupima upya sehemu saratani ilikohamia, kwa maana vipokezi vinaweza kubadilika. Kama katika familia yenu kuna waliougua saratani ya matiti au ya ovari, uliza kuhusu kipimo cha BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani hizo. Majibu yake yanaweza kukufungulia dawa kama olaparib, na yanawahusu dada, kaka na watoto wako pia.

Weka nakala za yote katika faili moja: majibu ya maabara, picha za CT na MRI pamoja na maelezo yake, orodha ya dawa ulizopewa na tarehe, na dawa zinazokudhuru. Ukihamia hospitali nyingine au ukitaka maoni ya daktari wa pili, faili hilo litakuokolea wiki nzima za kurudia vipimo. Kutaka maoni ya pili si kumdharau daktari wako. Madaktari wazuri wamezoea.

Nimebakiwa na muda gani?

Hili watu huliuliza kwa sauti ya chini, au hulitafuta kwenye simu usiku. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa takriban mtu 1 kati ya 3 wanaogundulika saratani ya matiti ikiwa tayari imesambaa huwa hai baada ya miaka 5. Namba hiyo imechanganya aina zote za saratani ya matiti, vijana na wazee, na inatokana na watu walioanza kutibiwa miaka iliyopita, kabla ya baadhi ya dawa za leo.

Mwaka 1982 mwanabiolojia wa Marekani Stephen Jay Gould aligunduliwa kuwa na mesothelioma, saratani adimu, kwake ikiwa tumboni. Alisoma kwamba nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miezi 8 tangu kugundulika. Kwa kuwa alizijua takwimu, aliona pia kwamba nusu nyingine huishi zaidi ya hapo, na baadhi yao kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2002, kwa saratani nyingine. Simsemi ili kukuahidi miaka 20. Nataka uone kwamba namba moja haiwezi kusema habari ya mtu mmoja.

Ukiwa tayari kusikia, muulize daktari hivi: "Kwa mtu mwenye ugonjwa kama wangu, mambo yakienda vizuri tunazungumzia muda gani? Yakienda vibaya? Na kwa wengi huwaje?" Majibu matatu yana ukweli zaidi kuliko jibu moja.

Sitaki kujua kila kitu. Nina kosa?

Huna. Wapo wanaotaka kila karatasi, na wapo wanaotaka kujua tu wafanye nini kesho. Mwambie daktari waziwazi unataka kujua kiasi gani, na umtaje mtu anayeweza kuelezwa mengine kwa niaba yako. Unaweza kubadili mawazo wakati wowote.

Kinyume chake pia hutokea: ndugu wanajua, mgonjwa hajui, na kila akiingia chumbani wanabadilisha mazungumzo. Ndugu hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mgonjwa huwa anahisi, kisha anabaki na hofu peke yake bila wa kuzungumza naye. Kama wewe ni ndugu unayesoma hapa, muulize mgonjwa mwenyewe anataka kujua nini. Mwili ni wake.

Nikiwa na dakika chache tu na daktari, nifanyeje?

Andika maswali nyumbani, uanze na lile zito. Mpe daktari karatasi mwanzoni, usisubiri ameshika kitasa cha mlango. Nenda na mtu wa kuandika majibu, au omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, kwa sababu mtu akipewa habari nzito mara nyingi hakumbuki kilichosemwa baada ya hapo. Mwisho, rudia kwa maneno yako ulichoelewa ili akusahihishe. Na wauguzi usiwasahau: mengi kuhusu madhara ya dawa, namna ya kula na kulala, wao ndio hueleza vizuri zaidi.

Mtandaoni nimwamini nani?

Angalia nani ameandika, lini, na anauza nini. Maandishi ya miaka 10 iliyopita kuhusu matibabu ya hatua ya nne yameshapitwa. Anayekuahidi kupona kabisa kwa chupa moja, anayesema madaktari wanakuficha siri, anayetaka ulipe kabla ya kuona hata majibu yako: achana naye mapema, hata kama ushuhuda wake unatoa machozi.

Taarifa za bure na za kuaminika zinatolewa na Shirika la Afya Duniani, National Cancer Institute ya Marekani, Cancer Research UK na Macmillan Cancer Support za Uingereza, pamoja na Breastcancer.org. Kwa hatua ya nne hasa, ABC Global Alliance inashughulikia saratani ya matiti iliyoendelea, na METAvivor ya Marekani imejikita katika hatua hiyo. Ukitaka kujua ni shirika gani la saratani lililo karibu nawe, pitia orodha ya wanachama wa UICC, muungano wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1933 wenye makao Geneva. Humo mna mashirika zaidi ya 1,000. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Kama lugha inakupa shida, chapisha ukurasa mmoja tu unaokuhusu umpelekee muuguzi akusomee.

Mitishamba na vidonge vya virutubisho je?

Mwambie daktari kila unachotumia, hata kama unajua hatafurahi. Baadhi ya mimea hugombana na dawa. St John's wort, ambayo watu hunywa kwa ajili ya huzuni, inaweza kupunguza nguvu ya dawa kadhaa za saratani. Balungi na juisi yake hupandisha kiwango cha palbociclib, ribociclib na abemaciclib mwilini, madhara yakazidi. Sala, dua, masaji laini, muziki na kutembea havigombani na dawa yoyote. Shida huanza pale mtu anapoambiwa achague: hospitali au imani. Kiongozi wa dini anayekutakia mema hatakuambia umwage dawa.

Nimeelekezwa tiba shufaa. Wamekata tamaa nami?

Hapana, na natamani jibu hili limfikie kila mgonjwa siku ya kwanza. Tiba shufaa hushughulikia maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, usingizi, hofu na mawazo ya familia, sambamba na matibabu ya saratani. Huhitaji kuacha tibakemia ili uipate. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuuguzia walio karibu na mwisho wa maisha) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nne: mwili, nafsi, watu wanaomzunguka na roho. Kutibu upande mmoja na kuziacha pande tatu hakumtoshi.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa Boston kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema waliishi kwa nafuu zaidi, wakawa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kidogo, na waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao kwa zaidi ya miezi 2. Ulikuwa ugonjwa mwingine, lakini unaonyesha kwamba kuomba nafuu mapema hakumfupishii mtu maisha.

Kama hakuna aliyekutajia tiba shufaa, iombe wewe.

Naogopa mofini.

Wengi huiogopa kwa sababu waliiona ikitolewa kwa ndugu aliyekuwa anakaribia kufa. Alikufa kwa ugonjwa. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mtu anaweza kuitumia miezi au miaka huku akifanya kazi zake. Hunywewa kwa saa zilizopangwa kabla maumivu hayajarudi, na daktari hupandisha dozi taratibu. Mwili kuizoea si sawa na uraibu. Jambo la muhimu ni usiikatishe ghafla bila kuuliza. Usingizi wa mwanzo mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, hivyo omba dawa ya kulainisha choo siku ileile unayoanza.

Kwa maumivu ya mifupa kuna zaidi ya mofini. Mionzi, hata ya mara moja tu, inaweza kutuliza mfupa mmoja unaouma sana. Zoledronic acid na denosumab huimarisha mifupa. Kabla ya kuzianza, pima meno yako, maana kung'oa jino ukiwa unazitumia kunaweza kuleta tatizo la taya.

Vikundi vya wagonjwa vinasaidia kweli?

Vinasaidia, ila ujue vinasaidia nini. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliokutana kila wiki katika kikundi waliishi muda mrefu zaidi. Habari ilienea kote. Utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2001, haukuona ongezeko la maisha, na Spiegel mwenyewe aliporudia utafiti wake hakulipata. Kilichoonekana tena Kanada ni kwamba waliokuwa kikundini walipata nafuu ya moyo na maumivu yao yakapungua, hasa wale walioingia wakiwa na dhiki kubwa. Kwangu hiyo inatosha kuwa sababu ya kwenda. Na kama hupendi vikundi, usijione umepoteza miaka.

Katika kikundi cha manusura najiona mgeni. Wao wanashangilia kumaliza tiba.

Hisia hiyo inawapata wengi walio hatua ya nne. Mwezi wa Oktoba ndio huwa mgumu kuliko yote, utepe wa pinki kila mahali na hadithi za waliopona. Tarehe 13 Oktoba imetengwa kwa ajili ya saratani ya matiti iliyosambaa, na siku hiyo huwa rahisi kuwapata wenzako. Muulize muuguzi kama kuna wagonjwa wengine wa hatua ya nne ambao wangependa kuunganishwa. Wawili au watatu wanaopigiana simu wanatosha kuwa kikundi. Jiandae kwa jambo moja: katika vikundi hivyo mtu hufariki. Unaruhusiwa kukaa kando kwa muda, na unaruhusiwa kurudi.

Siku za kusubiri majibu silali.

Hofu hiyo ni ya kawaida kabisa. Omba kupangiwa siku ya majibu mara tu unapopiga picha, usiachwe ukining'inia. Lakini kama huzuni inakaa zaidi ya wiki mbili, huli, hutaki kuonana na mtu, au unafikiria kujidhuru, mwambie daktari leo. Sonona inatibika hata kwa mtu mwenye saratani. Baadhi ya dawa zake hupunguza nguvu ya tamoxifen, kwa hiyo anayekuandikia ajue unatumia nini.

Watoto niwaambie nini?

Waambie ukweli unaolingana na umri wao, na utaje ugonjwa kwa jina lake. Watoto husikia minong'ono, na wasipoelezwa hujitungia majibu mabaya kuliko ukweli wenyewe. Wadogo wanahitaji kusikia mambo matatu: hawakusababisha kwa utundu wao, hauambukizi kwa kukumbatiana, na kuna mtu atakayewatunza siku usizoweza. Watauliza tena na tena. Wajibu vilevile kila mara. Wakubwa huficha hofu na kujifanya wanafanya kazi za nyumbani. Mjulishe mwalimu. Usiahidi kwamba utapona. Ahidi kwamba kukitokea jipya, utawaambia.

Ndugu wamekuwa wengi mno, au wametoweka. Nifanyeje?

Anayesema "ukihitaji chochote niambie" mpe kazi yenye siku na saa: Jumanne nipeleke hospitali, Ijumaa wachukue watoto. Mchague mtu mmoja wa kuwapa wengine habari, ili usirudie majibu yako mara ishirini. Kwa wanaokuambia "jikaze" unaweza kujibu, "Leo sitaki kujikaza, kaa nami tu."

Ndoa yetu imebadilika.

Dawa za homoni huleta ukavu ukeni, tibakemia huleta uchovu, na kovu humfanya mtu ajifiche. Kuna vilainishi vya maji visivyo na homoni. Krimu zenye homoni usitumie kabla ya kuuliza. Mimba izuiwe kwa njia isiyo ya homoni. Zungumzeni mapema, kabla ukimya haujageuka kuwa umbali. Madaktari wengi hawaanzishi mazungumzo haya, kwa hiyo anza wewe.

Mimi ni mwanaume. Ukurasa huu unanihusu?

Unakuhusu. Wanaume ni asilimia 0.5 hadi 1 ya wagonjwa wa saratani ya matiti. Kwa wengi wao ugonjwa hutegemea homoni na hutibiwa kwa tamoxifen. Uliza kipimo cha jeni, hasa BRCA2.

Majaribio ya dawa mpya ni salama?

Yana hatari zake, na lazima uelezwe kwa maandishi kabla ya kusaini. Mara nyingi dawa mpya hulinganishwa na matibabu bora yaliyopo, si na kuachwa bila tiba. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma nyingine. Orodha ya majaribio ipo wazi kwenye ClinicalTrials.gov. Uliza nani atalipia vipimo na nauli.

Ni dalili zipi sitakiwi kusubiri hadi kliniki ijayo?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ukiwa kwenye tibakemia: nenda saa hiyohiyo, hata usiku. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo au choo: uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na kuchelewa kwa saa chache kunaweza kuwa tofauti kati ya kutembea na kutotembea. Kukosa pumzi ghafla, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Degedege, au kichwa kuuma sana huku unatapika. Kiu kali, kutapika, kufunga choo na kuchanganyikiwa kwa pamoja, kwani kalsiamu ya damu inaweza kuwa imepanda. Bandika haya mahali ambapo kila mtu wa nyumbani atayaona.

Je, niandike matakwa yangu sasa hivi?

Ni vyema uandike ukiwa na nguvu. Mchague mtu wa kukusemea endapo hutaweza kusema, na hakikisha amekubali. Mweleze ungependa kuuguzwa wapi, matibabu gani hutayataka tena ukifika pabaya, na jambo lipi ni la maana kwako kuliko kuongeza siku. Mpe daktari nakala, huyo uliyemchagua naye abaki na yake, na ya kwako ikae kwenye faili. Ukibadili mawazo, andika upya kwa tarehe mpya na uchane ya zamani.